Mama ana saratani hatua ya nne. Nyumbani sote tunajua, isipokuwa yeye

Fundi_wa_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Siku zote nasoma tu humu, leo naandika kwa sababu usingizi umenikataa na hii ni saa nane ya usiku.

Mimi ni seremala, nipo Wete, Pemba, mtoto wa kwanza kwa mama yetu. Baba alishatangulia. Nyuma yangu wapo dada zangu wawili, mmoja kaolewa Fuoni, Unguja, na mdogo yupo hapa hapa na mama, ndiye anayemuuguza mchana. Usiku nalala mimi chumba cha pili, mlango wazi.

Mama ana miaka 58. Hedhi yake ilikatika kama miaka minane nyuma, na mwaka jana damu ikarudi. Hakumwambia mtu. Alikuwa akifua nguo zake usiku, mpaka mdogo wangu alipoikuta ndoo nyuma ya choo na maji yake mekundu. Baadaye ndipo tukajua kwamba alishakwenda peke yake kituo kimoja cha afya mara tatu, na mara zote tatu alirudishwa na vidonge vya mkojo bila ya mtu kumuangalia. Hilo linaniuma mpaka sasa, lakini silo lililonileta.

Tulimpeleka Mkoani, hospitali ya Abdalla Mzee. Kutoka hapo tukapanda boti hadi Unguja, Mnazi Mmoja wakakata kinyama kikaenda kupimwa, jibu likaja saratani ya mlango wa kizazi. Tukaandikiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyefuatana naye. Akapigwa mionzi mara 10, wiki mbili kamili. Siku ya mwisho daktari akamuuliza mama kama anataka kuelezwa mwenyewe habari zote za maradhi yake. Mama akanitazama, akasema, "Mwambie huyu mwanangu, ndiye mkubwa." Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje.

Daktari alinieleza kwa upole. Hatua ya nne, maradhi yameshaingia kwenye kibofu. Mionzi ile haikuwa ya kuyaondoa, ilikuwa ya kuzuia damu na kupunguza maumivu, na kweli damu imekatika kwa kiasi kikubwa. Akanipa chupa ya maji ya mofini na maelezo yake. Nikawa naitikia kila neno na sikusikia hata nusu. Nilipotoka nje, bahari ile pale mbele, nikasimama nahesabu meli zinazongoja kuingia bandarini. Zilikuwa saba. Kisha nikanunua machungwa kwa kijana mwenye mkokoteni, nikakaa ubavuni mwa mama nikamenya moja. Akauliza, "Kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema utapoa, mama." Akala chungwa lake. Hajauliza tena mpaka leo.

Sasa ni wiki ya tano. Ami yangu kasema atakayemwambia mama hana radhi yake, kwa sababu mgonjwa akishajua hufa kabla ya siku yake. Dada wa Fuoni anasema kumficha mtu mzima mambo ya mwili wake ni kumdhulumu, na wawili hawa hawasemeshani. Mimi nipo katikati. Tena mimi ni mtoto wa kiume, maradhi yenyewe ya pahala ambapo siwezi kupataja mbele ya mama yangu.

Usiku maumivu yanamshika kiunoni yanashuka mguuni. Anatia ncha ya kanga mdomoni akaiuma ili wajukuu wasisikie. Nasikia mimi. Ile chupa ya mofini iko kabatini haijafunguliwa, kwa kuwa watu wawili wameniambia hiyo ni dawa ya kumalizia watu, na mwengine kaniambia ni unga ule ule wanaotumia vijana wa mitaani. Jirani kamwambia mke wangu atenge kikombe cha mama. Ami anataka tuuze mikarafuu 12 ya mama tumpeleke India. Na mama mwenyewe, mtu aliyekuwa akituamsha sisi alfajiri kwa kutupiga na upepeo, msala wake umekunjwa juu ya kabati tangu Rajabu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Naona kama kashakata tamaa na Mola wake.

Aliyepitia haya aniambie. Matumaini yanatafutwa wapi baada ya hapa? Na je, nimwambie?

MamaK_Bububu

Pole sana kaka. Nimesoma nikalia. Sina elimu ya haya ila nimemtia bi mkubwa katika dua zangu. Usiache kuandika.

Muuguzi_Mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi Unguja miaka mingi, nusu yake wodi ya wanawake, na sasa nipo nyumbani. Nitakujibu yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Kwanza ile chupa ya kabatini. Ifungue. Huwezi kuzungumza jambo lolote la maana na mtu anayeuma kanga. Mofini ya maji, kwa kipimo alichoandika daktari, haimalizi mtu. Sababu ya watu kuisema hivyo ni kwamba zamani mgonjwa alikuwa akipewa siku mbili za mwisho tu, akifa wanasema dawa imemuua. Anayetumia kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra sana kuwa mraibu kama vijana hao unaowasema.

Kiasi sikutajii, kiasi ni cha daktari aliyemuona, kimeandikwa kwenye chupa au kwenye karatasi yake. Lakini jinsi ya kutumia nitakwambia, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea. Dawa hii hupewa kwa saa. Usingoje mpaka maumivu yamfike. Kawaida ni kila baada ya saa nne, na wengi huandikiwa kipimo maradufu wakati wa kulala ili wasiamshwe katikati ya usiku. Angalia kama mama yako kaandikiwa hivyo. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikisie kwa kijiko cha chai. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, huenda akasikia kichefuchefu, usiogope, hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo na aimeze kila siku tangu siku ya kwanza. Maumivu yakimrukia kabla ya saa yake, daktari huwa kaacha maelekezo ya kipimo cha ziada. Mpe, na uandike kwenye daftari saa ngapi. Daftari hilo ndilo litakalomwambia daktari kama dawa ipandishwe. Usimkatishe ghafla. Na chupa uifungie, una watoto ndani. Akisinzia mpaka haamshiki, au pumzi zikawa nzito za kuhesabika, usimpe nyengine, mpigie daktari saa hiyo hiyo.

Kama kuna harufu inayomtia aibu, usimuulize wewe, amuulize dada yako, kisha mwambieni daktari. Kuna metronidazole, dawa ya kawaida kabisa, inapunguza harufu hiyo, na mgonjwa akishaondokewa na harufu utamuona anarudi kukaa na watu. Damu ikitoka kwa wingi, au mkojo ukikatika, au mguu mmoja ukivimba, msingoje asubuhi.

Kikombe kirudisheni kabatini pamoja na vyengine. Saratani haiambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ya mlango wa kizazi inatokana na kirusi kinachoitwa HPV ambacho wanawake wengi hukipata wakati wa ndoa zao bila ya kosa la mtu, kikakaa miaka mingi kimya. Mwambie mke wako na dada zako wakapimwe. Wanapaka siki nyepesi, palipobadilika panageuka peupe, dakika chache tu. Na mabinti, Tanzania imeanza kuwachanja tangu 2018, na kutoka 2024 ni sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Sasa la kumwambia. Mwanangu, soma tena ulichokiandika mwenyewe. Daktari kamuuliza, yeye kakutazama akasema "mwambie huyu mwanangu". Kisha akatoka nje. Mtu asiyejua hatoki nje. Nimewaona wengi. Kuna bibi mmoja alinishika mkono wodini akaniambia, "Wanangu hawajui kama nakufa, nisaidie wasijue," na mwanawe alikuwa ameshanifuata asubuhi ile ile akaniambia, "Mama hajui, tusaidie asijue." Nyumba nzima walikuwa wanakaa wakilindana hivyo, kila mtu analia chooni.

Usiende kwake na sentensi. Kaa naye siku maumivu yametulia, umuulize, "Mama, wewe mwenyewe unayaonaje haya maradhi?" Halafu nyamaza. Nyamaza hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akitaka kujua atakuuliza. Asipotaka atazungumza habari ya kuku wake, na wewe zungumza kuku, umuulize tena siku nyengine. Huna haja ya kutaja pahala pa maradhi. Hayo ni ya dada zako.

Baba_Mikarafuu

Ndugu yangu wa Wete, mimi ni wa Mtambwe, jirani yako. Nakujibu la India na mikarafuu tu.

Mwaka marehemu mama yangu alipokuwa mgonjwa wa ini tuliuza mikarafuu 20 na kiwanja. Hatukwenda India, tulikwenda bara kwa mtu aliyesema anatibu saratani kwa mizizi siku 40. Alituonesha picha za watu waliopona. Siku ya 23 mama akaniambia anataka kusikia adhana ya msikiti wetu. Alifia huko, kwenye chumba cha kupanga, nami nimekwenda sokoni kununua ndizi. Sikuwepo. Maiti ilikuja kwa boti.

Simzuii mtu kumtibu mzazi wake. Nasema kabla hujauza mti hata mmoja, mpigie daktari wa Dar umuulize swali moja, umwambie akujibu bila ya kukuonea huruma: huko tutakapompeleka watamfanyia nini ambacho hapa hakifanyiki, na kitabadilisha nini? Sisi hatukuuliza. Na muulize mama mwenyewe anataka awe wapi. Mikarafuu ni yake.

Umm_Salim

Kaka, mume wangu alikuwa na saratani ya koo. Alikuwa mvuvi, mtu wa nguvu, alianza kukwamwa na wali, kisha mkate, mwisho anapitisha uji mwepesi tu tena kwa kulazimisha. Tulipoambiwa kwamba imeshasambaa, mimi na shemeji zangu tukakubaliana tusimwambie. Tukamfanyia furaha. Kila akitaka kusema jambo zito namkatisha, "Wacha hayo, ukipoa tutayazungumza." Alikuwa akianza hivi: "Mke wangu, ikiwa mimi..." nami naondoka naenda jikoni, najitia chungu kinaungua.

Tuliishi hivyo miezi minne. Baada ya arubaini wakaja watu watatu wa madeni, mmoja wa kweli na wawili sijui mpaka leo. Sikuwa na la kuwajibu. Lakini si hilo linaloniamsha usiku. Linaloniamsha ni ile "ikiwa mimi". Miaka sita sasa naimalizia mwenyewe kila siku kwa maneno tafauti.

Kwa hiyo mama yako akianza sentensi, muache aimalize.

Na jengine, naona watu wanakupa kazi za mgonjwa tu, hakuna aliyekuuliza wewe unalala saa ngapi. Muuguzaji naye ni mtu. Wekeni zamu. Yule dada wa Fuoni anayegombana na ami kwa simu, aje akae wiki mbili. Atapata la kufanya na ugomvi utapungua. Wanaokuja kukagua wakiuliza "tusaidie nini" usiseme "dua tu". Sema mkaa umekwisha. Sema mtoto fulani anahitaji wa kumpeleka skuli. Watu wanataka kusaidia, hawajui wapi pa kushika.

Mwalimu_wa_Chuoni

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke, nasomesha wanawake na mabinti chuoni, na nimekaa na suali lako tangu jana kwa sababu ya neno moja ulilolipita haraka: msala.

Ndugu yangu, umedhani mama kakata tamaa na Mola wake. Je, hamjafikiri kwamba huenda haswali kwa sababu ya damu? Mwanamke wa umri wake, aliyesomeshwa utotoni kwamba ukiona damu hakuna sala, damu imemjia na haikatiki, anaweza kukaa miezi anadhani mlango umefungwa kwake, na haya zikamzuia kuuliza. Nimekutana na wawili wa namna hii katika darsa zangu. Mmoja alikuwa na uvimbe wa kizazi na alikuwa ameacha kuswali mwaka mzima, analia kwa hilo kuliko kwa maumivu.

Damu ya maradhi inayoendelea haina hukumu ya hedhi. Ni istihadha. Haizuii sala, haizuii kufunga, haizuii kushika msahafu akiwa na udhu. Anajisafisha, anajifunga kitambaa au pedi vizuri, wakati wa sala ukishaingia anatia udhu, anaswali hapo hapo. Kikitoka kitu katikati ya sala, sala yake sahihi. Kila faradhi na udhu wake. Na mkojo usiozuilika hukumu yake ni hiyo hiyo. Maji yakimdhuru anatayamamu. Kusimama kukimshinda anaswali kwa kukaa, kukaa kukimshinda anaswali kwa ubavu. Na Ramadhani, kwa maradhi yasiyotarajiwa kupoa, hafungi, anatoa fidia kwa kulisha masikini kila siku moja. Asilipe kwa mwili wake.

Dada yako mdogo ndiye amwambie mama, faragha, tena leo.

Kuhusu ami yako, mheshimu, anasema kwa mapenzi. Lakini ajali, yaani siku ya mtu ya kufa, haitangulizwi na habari. Mama ana siku yake, aijue asiijue. Na mtu akiwa na habari anapata haki zake: atalipa deni, ataomba radhi na kusamehe, atausia katika thuluthi ya mali yake kwa wasiokuwa warithi wake. Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, anywe kama anapenda, na dawa ya hospitali inywewe kwa saa yake. Moja halimfukuzi jengine.

Fundi_wa_Wete

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara tano. Nimemuonesha mdogo wangu simu. Kasema, "Kaka, mbona hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hili?" Anakwenda chumbani sasa.

Chupa nimeifungua jana jioni. Nitarudi.

Fundi_wa_Wete

Assalaam alaykum. Nimechelewa, ni wiki tatu. Nilisema nitarudi na sikutaka kurudi na nusu ya habari.

Mofini. Siku mbili za mwanzo alilala mpaka nikaogopa, nikawa naweka mkono mbele ya pua yake, nikimgusa anaamka vizuri. Siku ya tatu asubuhi aliamka akauliza nani kaacha kinu nje kimenyeshewa. Muuguzi, nilicheka peke yangu uwani kama mwendawazimu. Daftari ninalo, mistari kwa penseli yangu ya useremala. Choo kilimsumbua siku nne, dawa ya kulainisha imesaidia. Dozi imepandishwa mara moja kwa maelekezo ya daktari. Kanga haiumi tena usiku. Maumivu yapo, hasa akikaa sana, lakini anayaeleza kwa maneno.

Msala. Mdogo wangu aliingia akafunga mlango. Nilikuwa barazani, nilisikia mama analia, nikataka kuingia, mke wangu akanizuia. Walikaa humo kama saa nzima. Ilikuwa kama alivyosema Mwalimu. Tangu Rajabu, kila akisikia adhana alikuwa anageukia ukutani ili tusimuone, kwa haya. Alimwambia mdogo wangu, "Nikasema Mungu kanitoa kwenye safu." Magharibi ile wakamtia udhu, wakatandika mpira chini na msala juu. Aliswali kwa kukaa kitandani miguu chini. Mimi nilikuwa msikitini sikuona, nimehadithiwa, nami nimeomba nihadithiwe tena mara nyingi.

Sasa lile la kumwambia. Karafuu zimeanza. Wachumaji walileta magunia mawili ya mwanzo, tukamwaga ukumbini, tukakaa kuchambua usiku baada ya isha. Mama akasema naye anataka kukaa. Tukampangia mito. Watoto wakalala, mdogo wangu akaenda kuchemsha maji, tukabaki wawili. Vidole vyake vinajua kazi hii kuliko vyangu: anashika kikonyo kwa kushoto, anakisukuma na kiganja cha kulia, karafuu zinaanguka huku, makonyo kule, wala hatazami. Nikamuuliza kama Muuguzi alivyonifunza. "Mama, wewe mwenyewe unayaonaje haya maradhi?"

Alichambua vikonyo vitatu bila ya kusema. Nilivihesabu.

Akasema, "Najua tangu lile chungwa."

Nikamwambia chungwa gani. Akasema, "La Dar. Ulikuwa unalimenya na mkono unatetemeka, ganda likawa linakatika vipande vipande. Wewe fundi. Tangu ulipokuwa skuli sijauona mkono wako unatetemeka na kisu. Nikasema, huyu kaambiwa nakufa."

Nikashindwa kusema. Akanipangusa uso kwa kanga yake, mkono wake unanuka karafuu mbichi. Akasema alinituma mimi kwa daktari kwa sababu alitaka mmoja wetu ajue na alikuwa hana nguvu ya kusikia siku ile. Kisha kila siku akingoja nije nimwambie, na akiniona navyomkimbia macho akaniachia, akasema nitakuja nikiwa tayari. Yeye alikuwa ananingoja mimi. Hilo sijamaliza kulitia moyoni.

Tulikaa mpaka saa sita. Maneno mengi ni ya nyumbani, sitoyaandika. Machache nayasema kwa ajili ya watakaosoma. India hataki. Nilishampigia daktari kabla, kama alivyoniagiza ndugu wa Mtambwe, na alinijibu wazi kwamba hakuna kitakachobadilika kwa safari ile ila uchovu. Deni analo moja, pishi nne za karafuu kwa mwenzake wa tangu msimu uliopita, tumeshalipa. Anataka azikwe karibu na mama yake na si karibu na baba, tulikuwa hatujui. Anataka wanawake wote wa nyumba wakapimwe. Mke wangu na mdogo wangu wameshakwenda, wapo salama, na dada wa Fuoni atakwenda akirudi Unguja. Na alisema, nanukuu, "Msinifanyie furaha. Gombaneni kama kawaida, nipate kuwaamulia."

Ami nilimfuata mwenyewe, nikampeleka kwa mama, nikawaacha. Alitoka macho mekundu, akaenda moja kwa moja kuwasimamia wachumaji. Tangu siku hiyo analala huku Jumatano na Ijumaa. Dada wa Fuoni amekuja na watoto. Nyumba ina kelele.

Umm Salim, niliposoma habari ya "ikiwa mimi" nilitoka kazini nikarudi nyumbani mchana. Nakuombea upate usingizi.

Siku si zote nzuri. Juzi alitapika kutwa na hakutaka kuona mtu. Jana damu kidogo ilirudi, tumeshazungumza na daktari. Mguu wa kushoto tunauangalia. Namwona anapungua, kanga inamzunguka mara ya pili sasa. Lakini asubuhi anauliza jua liko vipi, kwa sababu ya majamvi. Anataka azione hizi karafuu zimekauka. Tumebakiza siku mbili za jua, tatu kukiwa na mawingu, na mavuno ya pili yanakuja nyuma yake.

Nna suali moja kwa Muuguzi na Mwalimu. Kuswali juu ya kitanda kunamchosha kwa sababu godoro linazama, na kiti cha plastiki tulichomkopea hakina pa kuegemea. Nataka kumtengenezea kiti cha kusalia, kipana, chenye mgongo na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka, na kibao mbele cha kusujudia kinachotoka akitaka. Nimempima kutoka nyuma ya goti hadi chini ni inchi 16. Je, nikiteremshe kidogo ili miguu ikae sawa chini, au kikiwa juu ndiyo rahisi kuinuka kwa mwenye maumivu ya kiuno? Mbao ninazo za mfenesi, kavu za miaka miwili. Nikipata jibu leo, kesho baada ya alfajiri naanza kuranda.

Muuguzi_Mstaafu

Kipandishe mwanangu. Inchi 18, na umuwekee kibao cha kukanyagia. Kona zote uzipige msasa ziwe za duara, ngozi yake sasa ni nyepesi. Na juu weka godoro dogo la sufi, sponji inatia joto.